Mwenyekiti wa Chini ya Elfu

"Kaka, hapa umempiga picha nani? Maana mimi sijafiwa. Mama mzima, baba mzima, hata kuku wangu wote wazima. Lakini mtu akiniona hapa atasema nimezika ukoo mzima kwa siku moja, halafu nikanyimwa na chai msibani."

Anayelalamika ni muuguzi wa hospitali ya pale juu, na picha zenyewe nne ndogo amezipanga juu ya meza ya kioo moja moja, kama anagawa karata. Ni mara ya pili anarudishwa. Kitambulisho cha kazi kinataka uso uliotulia, macho wazi, mdomo umefungwa. Karani wa hospitali ameandika nyuma ya picha kwa kalamu nyekundu: "Analia."

"Hulii, dada," mpiga picha akasema. "Umeguswa tu."

"Nimeguswa na nani? Mlinzi wa getini ananisimamisha kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani. Miaka sita tunasalimiana. Jana kaniambia nije na shahidi."

Mimi nashona makochi chumba cha pili, na kati yangu na studio kuna plywood tu, tena nyembamba na yenye tundu, kwa hiyo mambo ya jirani yangu nayajua kuliko anavyodhani. Mtaa mzima tunamwita Sikiliza-Hii. Jina lake la kwenye cheti linatumiwa na mkewe peke yake, na akimwita hivyo ujue kuna kesi.

Studio yenyewe ni stuli ya duara, shuka jeupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, na mwavuli mmoja nimeushona mimi kwa uzi wa makochi. Kuna kitana kimefungwa kamba kisiibwe. Kuna koti la kuazima na tai ambayo ilifungwa fundo siku studio ilipofunguliwa na haijafunguliwa tena. Imeshavaliwa na shingo nyingi kuliko tai ya bwana harusi yeyote.

Kazi ya Sikiliza-Hii ni picha za vitambulisho. Lakini kazi hiyo anaifanya kama mtu anayesubiri kazi nyingine. Kinachomtoa kitandani asubuhi ni nyimbo zisizojulikana. Sisi wengine tukifungua simu tunasikiliza zilizo juu, zile zinazosikilizwa na kila mtu. Yeye anaanzia chini kabisa, kule ambako mtu kaimba jikoni kwake na amesikilizwa mara tatu, mbili akiwa ni yeye mwenyewe. Akipata kitu huko, lazima ampe mtu. Hawezi kukaa nacho. Atakusimamisha umebeba gunia kichwani akwambie, sikiliza hii.

Sasa kabla ya kuutoa wimbo kwa watu, anaujaribu kwa wateja. Mteja anakaa kwenye stuli, anaambiwa nyoosha shingo, usicheke, usipepese. Akishaganda, Sikiliza-Hii anawasha spika. Anasema mtu asiyeruhusiwa kutikisika hana pa kujificha. Wimbo mbovu unapita usoni kama upepo juu ya kabati, hakuna kinachotokea. Wimbo mzuri unaanzia nyusi ya kushoto. Na yeye akiiona ile nyusi inapanda, furaha inamshika, kidole kinabonyeza chenyewe. Ndiyo maana mtaa wetu una watu wengi ambao kwenye vitambulisho wanaonekana kama wameambiwa siri ya jirani.

Kundi lao, au niseme letu, linaitwa Chini ya Elfu. Tuko saba. Yeye ni mwenyekiti, mwalimu wa hesabu ni katibu, halafu kuna muuza dawa, dereva wa lori la saruji, mtu na dada yake wenye saluni, na mimi niliyeingizwa bila kuulizwa kwa sababu nilikuwa nasikia hata hivyo. Sheria ni moja: wimbo ukisikilizwa mara elfu, umehitimu. Unafutwa kwenye orodha, hauchezwi studio, hautajwi. Muuza dawa aliwahi kukamatwa akiimba kwa mluzi wimbo uliohitimu huku anahesabu vidonge. Alisimamishwa mwezi mzima, na akaandika barua ya kuomba radhi.

Siku moja nilimuuliza mwenyekiti, "Mwenzangu, si ndiyo furaha yenyewe, watu wajue?" Akaacha kufuta lenzi. Akasema, "Wimbo ukishajulikana na kila mtu, mimi nitamwambia nani sikiliza hii?" Nikarudi kwenye spring zangu.

Basi miezi miwili iliyopita akampata Korido. Ndivyo mwimbaji alivyojiita, Korido, bila picha, bila maelezo, wimbo mmoja wa dakika tatu uliosikilizwa mara kumi na moja. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama anaongea na mtu aliyelala asimwamshe. Na nyuma ya sauti kuna kitu kinalia, kwii, kwii, taratibu, kinakwenda na wimbo. Kile kitu kilitugombanisha siku tatu. Mwalimu alisema ni zeze la uzi mmoja, akatuandikia maelezo marefu. Dereva wa lori alisema kwake yeye hicho ni chuma kinachotaka grisi, akaambiwa anyamaze, hana sikio. Yule dada wa saluni alisikiliza mpaka akasahau dawa kwenye nywele za mteja, na mteja akatoka na rangi ambayo hakuiomba.

Tukawa tunamsikiliza mara arobaini kwa siku. Wiki tatu zilizopita katibu akatangaza tumefika mia tisa sitini na tano, na hapo mwenyekiti akashtuka kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Siku moja tu zaidi na Korido amehitimu. Akaitisha kikao, tukajibana studio saba, mwalimu kakaa kwenye stuli. Likapitishwa azimio la mgawo: kusikiliza mara moja kwa siku, kundi zima, kila mtu na siku yake. Mwalimu akachora ratiba kwa rula. Mimi nikapewa Jumanne. Mwenyekiti akajipa zamu inayoelea, aitumie akipata uso unaostahili.

Uso uliostahili ndio huu wa muuguzi. Mara mbili, na mara mbili umekataliwa.

"Haya, kaa," Sikiliza-Hii akamwambia. "Nakupiga upya, hulipi kitu. Nyoosha shingo."

Akakaa. Nikasikia stuli inalia, halafu muuguzi: "Usiuwashe huo wimbo."

"Huupendi?"

"Ndio unaoniharibia uso."

"Dada, huyu mtu ungejua. Yuko mbali sana, nadhani. Anaimba kwenye jumba kubwa tupu, sikia mwenyewe hewa ilivyo. Na hicho chombo kinacholia nyuma, wataalamu wetu wanasema ni zeze la uzi mmoja."

"Ni gurudumu."

"Samahani?"

"Gurudumu la toroli la shuka. La nyuma, kushoto. Mwaka mzima naomba lipakwe grisi. Naimba kwenye stoo ya shuka saa ya mapumziko, kwa sababu shuka zinameza kelele. Mikono imeshika simu, kwa hiyo natikisa toroli kwa mguu."

Nikaweka nyundo chini.

"Wewe ndiye Korido," mwenyekiti akasema.

"Umeniambia nisipepese, nisitikisike, halafu nasikia sauti yangu inatoka kwenye spika ya mtu nisiyemjua. Wewe ungeweka uso gani?"

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Mara ya pili nilikuja nione kama utauwasha tena. Ukauwasha." Akazikusanya zile picha nne. "Nilikuwa najua kuna watu mahali. Arobaini kwa siku. Nikiamka nawaangalia kabla sijapiga mswaki. Nikaanza na wimbo wa pili. Kisha mwenye ukumbi wa pale stendi akaniambia, ukifikisha elfu kabla ya Ijumaa hii, yaani kesho, saa sita mchana, Jumamosi unafungua pazia, unaimba kabla ya watu wakubwa. Nikasema elfu iko hapo tu. Siku hiyo hiyo mkapotea. Ikawa mmoja kwa siku. Mmoja, mmoja, kama kidonge. Nikajua nimewachosha. Ule wa pili nimeuacha."

Mimi mdomo wangu haujawahi kuniheshimu. Nikasema kupitia ubao wa plywood, "Hawajachoka, sista. Wamepangiwa zamu."

"Zamu gani?" akauliza.

Nilisikia mwenyekiti anaugeukia ubao. Nikaona ya nini kujificha, nikazunguka nikasimama mlangoni kwake na pini zangu mdomoni. Muuguzi alikuwa ameshaiona ratiba ukutani, chini ya bei za picha. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma karatasi ya mgonjwa kitandani.

"Alhamisi, muuza dawa," akasoma. "Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo," mwenyekiti akasema.

"Mmenipunguzia dozi."

"Tulikuwa tunakulinda."

"Na nini?"

"Na elfu."

"Nikifika elfu nafanywa nini?"

"Unahitimu."

"Halafu?"

Hapo akaanza kukunja kamba ya kitana. "Halafu hatukusikilizi tena."

Muuguzi alinitazama mimi, nadhani alitaka kujua kama nyumba hii ina mtu mzima. Nikatazama dari.

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Mimi."

"Si uitoe?"

"Nimemsimamisha mtu mwezi mzima kwa sheria hiyo, dada. Kaandika na barua. Na nikiitoa, kesho wewe ni wa kila mtu. Utachezwa kwenye saluni ambazo sizijui."

"Ndiyo ninachotaka, kaka. Kuchezwa kwenye saluni usizozijua."

Simu ikaita mezani. Ilikuwa ya mwenyekiti, na kwa sababu spika kubwa ilikuwa imeunganishwa nayo, alipoipokea, sauti ya mwalimu wa hesabu ikajaa chumba kizima kama tangazo.

"Mwenyekiti, muuza dawa kamaliza zamu yake. Tuko mia tisa themanini na sita. Na kuna jambo nimeligundua kwenye hesabu. Siku ishirini na moja, mara ishirini na moja. Hakuna hata mmoja wa kutoka nje. Duniani kote wanaomsikiliza huyu mtu ni sisi saba. Nasubiri maelekezo."

Muuguzi akashika ukingo wa meza ya kioo. Sijui alitegemea nini, labda mji mzima, labda nchi ya pili. Alichopata ni fundi makochi na pini mdomoni.

Lakini ni muuguzi, hakai chini muda mrefu. Akajifuta jicho kwa kiganja, akasema polepole, kama anamwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Zimebaki kumi na nne. Mko saba. Kila mtu mara mbili, dakika sita. Mimi sitaki picha tena, abaki mlinzi na mashaka yake. Nakuuliza hili moja. Mtabonyeza, hamtabonyeza?"

"Mwenyekiti?" mwalimu akasema kwenye spika. "Nani huyo anayegawa vizuri hivyo?"

Sikiliza-Hii akakata simu. Akazima taa ya kwanza, akazima ya pili. Akalishusha lile koti la kuazima, akalikung'uta, akalirudisha palepale. Alitutazama mimi na muuguzi kwa zamu, na nyusi yake ya kushoto, naapa, haikusogea hata kidogo.

"Nakuja," akasema.

"Kaka, nimekuuliza."

Akapita katikati yetu akatoka. Muuguzi akamfuata hadi kwenye ngazi, akaliuliza tena swali lake, safari hii kwa sauti ambayo hata stoo nzima ya shuka isingeweza kuimeza. Yeye alikuwa ameshavuka barabara, simu mkononi, kichwa kimeinama. Akapita mbele ya duka la dawa bila kusimama kumwambia muuza dawa lolote, akapita mbele ya saluni vilevile, akakata kona na jibu lake.