Cheni Haikutolewa, Mursik Ikamwagika

CHEPKEMOI AMEIONJA! Watu wangu, ameionja mursik ya mamake, macho amefunga, pale kando ya lami, mvua inamnyeshea na sutkesi iko ndani ya maji! Shikeni hiyo kwanza muiweke kwa mfuko, juu stori ingine yote inauma.

Ok, ni hivi. Kipkirui ni mtu wa nduthi, pikipiki ya kubeba watu, huku kwetu Kuresoi. Stejini wanamwita Taratibu, na hilo jina amelifanyia kazi. Kuku ikivuka barabara, anaingojea ivuke, halafu anangojea ile ingine iko nyuma yake. Watu wa haraka hupanda kwa wenzake. Wamama wa kliniki na watu wa mayai humngoja yeye, hata wanyeshewe.

Mamake, Jepleting, ndiye alikuwa fundi wa mursik kwa hii ridge yetu. Si mnajua ile maziwa ya kulala, inawekwa kwa kibuyu kimesuguliwa na makaa ya mti mpaka ndani kuwe kweusi? Yake ilikuwa na moshi mpaka unaiskia kwa pua masaa mengi baadaye. Watu walikuwa wanamwambia, "Mama, punguza makaa." Anajibu, "Enda ukunywe ya pakiti."

Sasa Chepkemoi, dadake Kipkirui, alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Akipigia mamake simu, kila wakati ni moja tu: "Yeyo, nikirudi nataka mursik yako, kabla hata nifike kwa gate." Na huku kwetu hiyo si mchezo. Mtu akitoka safari ya mbali, anapokelewa na mursik barabarani, mkono wa mzazi.

Jepleting akaanza kuugua. Akiwa hivyo hivyo, akaamka akasugua kibuyu akiwa amekaa kwa stuli, akamwaga maziwa, akafunika. Akamwita Kipkirui.

"Hii ni ya Chepkemoi. Mtu asiiguse."

"Utampea mwenyewe, Yeyo."

"Nimesema mtu asiiguse. Hata wewe."

Haikuisha hata wiki, akatuacha. Boss wa Chepkemoi akakataa kumwachilia, basi mazishi alifuata kwa simu, netiweki inakatika katika. Na kile kibuyu kikabaki kwa shelfu ya jikoni. Mursik haiharibiki haraka, ikikaa inakolea tu. Wajomba wa matanga waliiulizia, Kipkirui akawaambia zii. Yeye mwenyewe hakuonja. Jioni alikuwa anafungua kifuniko, ananusa, anafunga. Hiyo tu. Kwa hiyo nyumba, kitu ya mwisho mikono ya mamake ilitengeneza ilikuwa hiyo.

Halafu Chepkemoi akapiga: ameshuka ndege, gari itamwacha stejini kwa lami.

Na mvua ilikuwa imenyesha manze! Barabara yetu ikinyesha inakuwa sabuni. Watu wa nduthi hufunga cheni nzee kwa tairi ya nyuma ndio iume matope. Lakini kuna sheria, kila mtu anaijua, hata sisi wa kubebwa: ukifika lami, simama, toa cheni. Sababu kwa lami mvua ikinyesha hiyo cheni haiumi kitu, ni kama umevalisha pikipiki viatu za chuma. Kipkirui ndiye hufunza wageni hiyo.

Alifunga kibuyu kwa kiuno na leso ya mamake, kando ya mguu wa kushoto, akashuka pole pole kuliko siku zote. Matope yote akapita. Milima yote. Hakuna tone lilimwagika.

Akafika kwa lami, na akamwona. Chepkemoi, amesimama ng'ambo hapo tu karibu, amekonda, amevaa koti ya watu wa kule, anaangalia kila nduthi inakuja. Naye dada akamwona pia, akainua mkono.

Kipkirui hakusimama. Mara moja tu kwa maisha yake, akakuwa na haraka.

Tairi ya nyuma ikateleza, na pikipiki ikalala. Haikuanguka, ikalala, pole pole kama ng'ombe imeshiba. Akatoa mguu kushikilia, mguu ukateleza, wakaenda chini pamoja, upande wa kushoto.

Sitati, mwenzake wa stejini, akapiga nduru. "Taratibu ameanguka! Woi, nileteeni kalenda, saa haitoshi kupima hii!"

"Buda, hata mtoto wa baiskeli amekupita!"

Stejini yote ilikuwa imeshika mbavu. Halafu ile harufu ikawafikia. Sitati alikuwa amekuja kuinua pikipiki, akaona maziwa inatembea kwa lami na makaa ndani yake, akatoa kofia.

"Aki pole, ndugu yangu. Pole. Sikujua."

Kipkirui alikuwa amekaa chini anakusanya vipande vya kibuyu. Hakuumia hata kidole. Afadhali angevunjika mguu.

Chepkemoi akaacha sutkesi kwa maji, akakuja akikimbia. "Umeumia? Kip! Ongea!"

Kipkirui akainua tu kile kitako cha kibuyu. Ilikuwa imebaki ndani kidogo, ya kufunika ulimi. Chepkemoi akanusa, na uso wake ukabadilika, juu hakuna mwingine angeweka makaa hivyo.

"Ni yake?"

"Ni yake. Alikuwekea."

Akakunywa, macho amefunga. Akakaa nayo mdomoni kitambo kabla ameze.

"Bado anaweka moshi mob," akasema, halafu akalia vile hakupata kulia kwa mazishi.

Mvua ilikuwa inaosha lami, ile nyeupe inaenda kwa mtaro. Baadaye akapanguza mdomo, akamwangalia ndugu yake.

"Na wewe? Ulikunywa?"

"Eeh," Kipkirui akasema. "Nilikunywa nyumbani."

Akainama nyuma ya tairi akaanza kutoa cheni. Alichukua muda mrefu sana kuitoa.

Kama unajua mtu wa nduthi, mtumie hii. Mwambie akifika lami asimame atoe cheni, hata kama ile kitu anakimbilia anaiona.