Mishale Niliyoipima kwa Maharage

Ukinikuta nachambua maharage hapa kambini Nakivale, Uganda, usinisemeshe. Nina hasira na maharage, na najua ni upuuzi mtu mzima kukasirikia chakula. Lakini ni kwa maharage nilipima mishale iliyompotezea kaka yangu mguu.

Nguruwe pori ndio walioanza. Walitoka kwenye matete ya ziwa mahindi yalipoanza kushika punje, wakala shamba la jirani yetu Mrundi, kisha wakaingia kwetu. Tulipoamka, nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Tukapiga madebe siku kadhaa mpaka mikono ikafa ganzi, na wao wakazidi kunenepa. Bunduki mkimbizi hana, na asithubutu kuitafuta. Ila sisi ni watoto wa mpiga upinde wa Kivu Kusini, na upinde wa baba ulivuka mipaka pamoja nasi, umeviringishwa ndani ya mkeka.

Kaka ndiye aliyerithi mkono wa baba. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, na yaya huyu alikuwa anaangusha papai kwa mshale bila kugusa jani. Mimi nilirithi mdomo. Haki ya Mungu, nina mdomo! Nilisoma fizikia miaka miwili ya sekondari, basi nikaona kila asiyesoma ni mjinga, kaka yangu akiwemo.

Baba alichagua mshale hivi: anafumba macho, anaulaza kiganjani, anangoja. Mshale wa mnyama wa ngozi nene, alisema, lazima kifundo cha mkono kiusikie uzito wake. Kaka naye alifuata hivyo hivyo. Alichonga wake kwa mti mgumu, mnene kama kidole, wenye chuma kipana mbele. Mimi nikapanda gari hadi Ruti, nje ya Mbarara, kwa fundi anayefua vyuma kutoka springi za magari.

"Wewe mkimbizi, unataka kuua nani na hii?" akaniuliza.

Nikamwambia nguruwe.

"Nguruwe kubwa inataka chuma kubwa."

"Mimi nataka nyembamba," nikasema, tena kwa ukali. Hata mfua chuma wa Ruti alijua! Nikarudi na vyuma vyangu vyembamba, nikavifunga kwenye matete makavu.

Mizani sikuwa nayo. Nikaning'iniza kijiti kwa uzi katikati, upande mmoja mshale, upande wa pili kopo, nikawa natia maharage moja moja mpaka kijiti kikae sawa. Mshale wa kaka ulitoka maharage tisini na mawili. Wangu, hamsini na moja. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, hayo ni ya watoto. Ama na mishale nayo inakula?"

Nilimwambia aniache, nafanya kazi ya akili. Mshale mwepesi unakwenda mbio, na mbio ndizo zinazoingia. Ndivyo nilivyomweleza, na nikajiona profesa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, tukaijaribu. Baba alikuwa anajaribia kwenye ngozi kavu ya mbuzi iliyofungwa juu ya gunia la mchanga uliolowa. Ngozi hatukuwa nayo. Hapa mbuzi akichinjwa, ngozi yake inapanda gari la Mbarara siku hiyo hiyo. Nikasema mgomba unatosha, nyama ni maji na mgomba ni maji. Kaka akapiga yote miwili kwa hatua ishirini. Wake uliingia shibiri moja ukakwama, maana ule unene wake ulibanwa na nyuzi za mgomba. Wangu ulitokeza upande wa pili.

Watu wakapiga kelele. Nami ningenyamaza? Thubutu!

"Yaya, mushale yako ni ya kusongea ugali!"

Akina mama wa kwaya wakashikana mabega kwa kucheka. Mke wa kaka naye akacheka, kiganja mdomoni. Kaka akatabasamu kidogo, akauchomoa mshale wake, akaufuta kwenye shati.

"Mugomba haina mufupa," akasema taratibu.

"Na nguruwe haina diploma!" nikajibu. Sijui hata nilimaanisha nini. Watu walicheka tena, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Jumanne asubuhi, mvua imekatika, mimi, kaka na jirani Mrundi tukafuata nyayo mpaka kwenye matete. Kabla ya kuingia, kaka alisimama, akafumba macho, akalaza mshale mmoja kiganjani, kisha mwingine. Ule mzito akauchomeka ardhini. Akachukua wangu. Nilifurahi, mpumbavu mimi.

Nguruwe wa hapa wanagaagaa kwenye tope la ziwa, nalo linawakaukia mwilini kama ukuta uliokandikwa. Huyu alitoka hatua kumi na tano mbele yetu, akatuonyesha ubavu. Kaka akaachia. Niliuona mshale ukipiga nyuma ya bega, pale pale penyewe. Ukaingia kama pingili ya kidole, ukavunjika. Nguruwe akageuka. Mimi nikakimbia. Naliandika hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Niliposikia kaka akipiga yowe nilikuwa nimeshafika mbali, na jirani Mrundi ndiye aliyemrukia na panga akammaliza yule mnyama.

Paja la kaka lilikuwa limepasuka kutoka gotini kwenda juu. Tulimfikisha hospitali ya Mbarara siku ile ile, lakini jeraha likaoza, wakaukata mguu juu ya goti.

Ndugu walikuja wodini, mchungaji akaja, na kila mmoja aliuliza imekuwaje, mpigaji kama yeye. Kaka akawajibu wote jambo moja: "Mukono yangu ilitetemeka. Nilipiga mubaya." Wakauangalia ule mkono, wakasikitika. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nikamnyooshea shuka.

Niliporudi Nakivale, nikaomba ngozi ya yule nguruwe kwa jirani. Ilikuwa imekaukia uani na tope lake. Nikaifunga juu ya gunia la mchanga uliolowa, kama baba. Mimi si mpigaji, basi nikasimama hatua tano tu. Mshale mwepesi uliingia pingili moja. Ule mzito ulipita ngozi ukazama mchangani hadi nusu. Nikarudia mara tatu, nikiomba Mungu anipe jibu lingine. Nikakaa chini nikalia.

Nilinyamaza miezi minane. Watu walimwomba kaka awafundishe upinde, naye akawajibu kwamba mkono wake umekufa. Mwishowe sikuweza tena. Nikamletea ile ngozi na mishale miwili, nikaiweka mbele ya kiti chake.

"Yaya, haikuwa mukono yako. Ilikuwa mushale yangu."

Akapitisha kidole gumba kwenye matundu, moja baada ya jingine. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Mbele ya kuingia mu matete. Mukono iliniambia."

"Sasa uliichukua ya nini?" Nilimpigia kelele, hebu fikiria, mimi ndiye nimekasirika!

"Batu balikuwa bananicheka, mudogo. Hata bibi yangu alicheka. Ningebeba ile nzito, bangesema naona haya ya kushindwa na mudogo yangu."

Nikamuuliza mbona basi aliwaambia watu ni mkono.

"Ningesema mushale, bangekufukuza." Akaisukuma ngozi kando. "Ulitaka kunishinda mbele ya batu. Ulinishinda."

Kisha akataka kwenda chooni. Nikainama nimpe bega langu, kama nilivyozoea tangu tutoke hospitali.

"Nipe fimbo," akasema.

Nikampa fimbo.