Barua pepe ya majaribio imenipatia mwaliko Ipililo

Jamani, leo wakulima wa pamba wamesoma ujumbe niliomwandikia mama yangu!

Natengeneza tovuti ya chama chao hapa Bariadi. Nikaweka plagini ya kutuma barua pepe, nikaijaribu kwa kumwandikia mama: "Mayu, nimekukumbuka. Jumapili nakuja kula kwako."

Nikabonyeza. Kumbe imeenda kwa wanachama wote!

Nikashika kichwa. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Jibu la kwanza likaingia, la mama mmoja wa Ipililo, hata simjui: "Wa kwangu yuko mbali, siku nyingi hajaniandikia. Wewe njoo tu, mwanangu. Kuku yupo."

Nikampigia mama kumweleza. Akacheka weee, kisha akasema, "Basi twende wote."

Ninyi mngeenda?