Mizimu Iliyopigwa Pasi

Alfajiri, kabla hajawasha mkaa wa pasi, dobi anaona taa ndogo ya ukutani imezimwa.

Si umeme uliokatika. Taa ya uani inawaka. Hii ya chumbani, ambayo huwaka usiku kucha, imezimwa na mtu, na mtu mwenyewe yuko kitandani, shuka hadi puani, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Umezima wewe?" anauliza.

"Mimi si mtoto tena, Mamdogo," binti anajibu na kugeukia ukutani.

Ndivyo mambo yote yalivyoanza, dobi anasimulia. Binti huyo ni mtoto wa marehemu dada yake, naye humwita mama mdogo wake Mamdogo. Siku chache kabla ya alfajiri ile, shuleni, aliropoka kwamba kwao hulala na taa. Msichana mmoja mwenye miwani akambandika jina palepale: Taa. Likashika kama doa la wino kwenye shati jeupe.

"Taa, futa ubao. Taa, giza linaingia, tukuwashe?" Darasa zima likalipokea.

Dobi ni mwanamke kijana mwenye haya. Hufua mashuka ya nyumba ya wageni na sare za wahudumu wa hoteli, katika vyumba viwili vya kupanga vyenye ua uliojaa kamba. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na nguo za watu zikabaki kwenye beseni.

"Nilisema nitarudi shule nguo zikiisha," anasema, macho yake kwenye pasi. "Nguo haziishi."

Wazo la sherehe ya kutisha lilikuwa la binti.

"Tuwaite hapa kwetu, Mamdogo, tuwatishe. Wakipiga kelele wao, nani ataniita Taa?"

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Nimeshawaambia nyumba yetu ina mizimu."

"Hata hujaniuliza kama nataka kupangisha mizimu."

Wazazi wasingeruhusu watoto wao watembee usiku, kwa hiyo giza ilibidi litengenezwe mchana. Walipanga kuziba madirisha kwa mablanketi. Mayai ya kuchemsha yangechorwa mboni yawe macho. Glovu za kufulia zingejazwa mchanga uliolowa, kila mgeni apewe mkono wa baridi mlangoni.

Mzimu wenyewe ulikuwa kazi ya dobi. Akachukua shuka kuukuu lililokataliwa na nyumba ya wageni, akalifua, akalichovya kwenye wanga, ule uji wa unga wa muhogo unaofanya kola zisimame. Lilipokauka, mikono ikaendelea na mazoea yake. Akalipiga pasi. Mikunjo ikanyooka kama ya suruali ya bwana harusi.

Binti aliporudi kutoka shule, akashika kiuno.

"Mamdogo, mzimu gani huu umepigwa pasi? Unaenda kuomba kazi?"

Dobi akacheka hadi akakaa chini. Akaliegemeza shuka mlangoni, akikusudia kulilowesha upya. Shuka halikuanguka. Likasimama lenyewe, ndani tupu, kama linawasikiliza. Kicheko chao kikapungua, kikaisha.

"Tuliache hivyohivyo," binti akanong'ona.

Mashuka mengine makuukuu wakayatia wanga mzito zaidi, wakayatandaza juu ya stuli zilizobeba ndoo. Yalipokauka wakachomoa stuli na ndoo, mizimu ikabaki imesimama.

Siku ya sherehe wageni walikuja, mwenye miwani mbele. Akapokea mkono wa glovu, akauminya. "Mchanga," akasema. Akaoneshwa jicho. "Yai." Wenzake wakaanza kucheka.

"Mizimu iko wapi, Taa?"

Binti akafungua chumba cha ndani. Mashuka yalisimama gizani, meupe, hayana miguu. Kicheko kikakatika. Mwenye miwani akarudi nyuma hatua moja.

"Ingia wewe kwanza. Si kwenu? Au unaogopa?"

Binti akashika mwimo wa mlango. Midomo ilimcheza. Dobi, aliyekuwa akileta sinia la juisi, aliona uso ule na akajua kwamba sherehe yote imefika hapo, na ikikwama hapo, jina litabaki.

Akaingia yeye.

"Nilijisemea, haya ni mashuka yangu, nimeyafua mwenyewe," anasema.

Upepo ulipita mlangoni. Shuka moja likakwaruza sakafu, likamsogelea. Sinia likaanguka. Yowe lililotoka halikuwa la mtu mwenye haya. Jirani alikuja kugonga ukuta.

Binti hakufikiri. Alikimbia gizani, katikati ya mizimu, akamshika mkono mama mdogo wake, akamtoa nje.

"Lakini mama," mwenye miwani akamwambia dobi, "si umeitengeneza wewe?"

Dobi, ambaye mbele ya wageni huishia kwenye "karibuni", alipangusa juisi kwenye gauni lake.

"Ile taa ni yangu," akasema. "Mtoto alikuja akaikuta inawaka."

Kisha mwenye miwani akasema polepole, "Sisi tunawasha ya koridoni."

Leo kwenye kamba za uani kuna mizimu mingine, iliyoagizwa kwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenye miwani. Dobi ana matumaini ya kupata chumba kinachotazama barabara, apigie pasi huko, binti asome bila mvuke usoni.

Sherehe hiyo ya pili ataihudhuria?

"Nitakaa nje, penye jua."

Taa ndogo inawaka tena. Zamani dobi aliiwasha mwenyewe na kusema, "Mtoto asije akaogopa." Siku hizi, wanapopanda kitandani, binti ndiye huweka kidole kwenye swichi na kuuliza.

"Nikuwashie, Mamdogo?"

"Niwashie," dobi anajibu. "Naogopa giza."