Picha ya Makaro ya Kufulia

Sisi watembeza wageni wa mtaa huu wa kale tuna desturi moja ya kujisifu. Kabla ya matembezi, kila mmoja huwasimamisha wageni wake mbele ya nyumba yenye kibao cha kumbukumbu na kuwaambia, "Hapa ndipo kwetu." Kwetu mimi ni duka la saa la babu. Kibao chake wapaka rangi walikipaka pamoja na ukuta, lakini kipo. Asiye na kibao hapati wageni, maana nani anataka kuonyeshwa mtaa na mpangaji? Ni upuuzi, najua, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mwenzetu mmoja tunamwita Mwavuli, kwa sababu huwaongoza watu ameinua mwavuli mwekundu juu, mvua iwepo isiwepo. Kwao, alikuwa akisema, ni Nyumba ya Mwalimu, ile yenye roshani ya mbao na kibao cha shaba kinachoeleza kwamba shule ya kwanza ya mtaa ilianzia sebuleni humo. Aliieleza vizuri mno: mlango upi ulikuwa ukilia, ngazi ipi ilikuwa na ufa. Sisi tuliozaliwa hapa tulijua kwamba mama yake alikuwa mfuaji wa nyumba hiyo, na kwamba Mwavuli alijifunzia kutembea uani, katikati ya ndoo. Tulinyamaza. Kama ni aibu, ilikuwa yake, na si kazi ya jirani kumvua mtu nguo.

Mwaka huu halmashauri ikayakumbuka makaro ya zamani ya kufulia, yale ya mawe nyuma ya soko. Wakayasafisha, wakaweka kibao, na juu yake picha kubwa ya wanawake wameinama wanafua. Mmoja ameinua uso anacheka. Alikuwa mama yake Mwavuli, na ungeapa ni Mwavuli mwenyewe: paji lile lile, mwanya ule ule.

Makaro yakaingizwa kwenye njia ya matembezi, hakuna kuyaruka. Asubuhi ya kwanza nilifika na kundi langu nyuma ya la Mwavuli. Mama mwenyewe alikuwa pale, amevaa nguo ya kutokea, amekuja kujiona. Alikuwa akiishi na Mwavuli chumba kimoja, na kwa jinsi Mwavuli alivyoshtuka, mama hakuwa amemuaga.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, akaitazama picha, kisha akamtazama Mwavuli. "Mbona mnafanana hivi? Ni ndugu yako huyu?"

Mwavuli akajikaza kisabuni. "Hapana. Watu wa zamani walifanana tu."

Mkataa kwao mtumwa. Msemo huo nilikuwa nao ulimini, na kundi langu lote lingeusikia. Lakini yule mgeni alikuwa ameshamwona mama.

"Bibi, si ni wewe huyu?"

"Ndiye mimi."

"Hongera. Una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Amekuja kuiona picha?"

Mama hakugeuka hata kidogo upande wa Mwavuli. "Yuko kazini," akasema. "Atakuja akipata nafasi."

Yule mgeni akaanza kutazama viatu vyake. Nafikiri alikuwa ameelewa, na wenzake pia. Mwavuli akasema jua linakuwa kali, twendeni. Wakamfuata bila kuuliza swali lolote. Mimi nilibaki uso unaniwaka kana kwamba aliyemkana mama ni mimi.

Nikawaachia wageni wangu wapige picha, nikamsogelea mama.

"Pole, mama. Ungemuumbua mbele yao. Mimi ningemuumbua."

"Nimuumbue kwa lipi?" Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha picha kwa kiganja. "Siku ya kwanza ya shule nilimfunga kamba za viatu, nikamwambia, wakikuuliza kwenu ni wapi, sema Nyumba ya Mwalimu, wasikucheke. Akakataa. Akasema kwao ni kwangu."

Akaendelea kufuta, ingawa kioo kilikuwa kimeshatakata.

"Nikamchapa mpaka akasema."