Jina la Mkwe

Milima ya Nakanai imejifunika msitu gubigubi. Kutoka kwa mjane Rufina hadi kwa mkwewe Bebeli, ng'ambo ya korongo, ni mwendo wa kutwa, lakini sauti hufika papo hapo. Binti aliyewaunganisha, mke wa Bebeli, alikwisha kufa. Kwao mkwe hatajwi jina, wala hutaniani naye uso kwa uso. Korongo ndilo lililowapa ruhusa ya kutaniana, kila asubuhi ukungu ukipanda.

“Mkwe wee! Hujafa tu?”

“Bado, mama! Nakusubiri utangulie!”

Siku moja Bebeli akaita, “Mama, nashuka pwani, kwenye mashamba ya michikichi. Sirudi tena!”

“Nenda! Kwani nani kakushika?” Rufina akafoka, akaendelea kumenya magimbi yake.

Kesho yake ukungu ulipanda, na ng'ambo hakukuwa na moshi.

“Mkwe wee!”

Majabali yakamrudishia maneno yake mwenyewe. Akangoja. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapaza sauti:

“Bebeli!”

Jina likarudi, likarudi tena. Rufina akaziba mdomo kwa haya, akageuka upesi kuona nani kamsikia.

Hapakuwa na mtu.