Bia Waliyoninywea

Wakili hakuanza na gari wala na kichwa changu. Alitaka kwanza kujua kama kuna mtu wa kwetu aliyekunywa.

Nilimwelewa mara moja, ingawa siku hizi kuelewa mara moja kumekuwa anasa kwangu. Huku kwetu Bujumbura mtu akikukosea sana huja nyumbani na wazee wake na kreti za bia. Wanazunguka kwanza kwenye habari za mvua na za watoto, kisha wanaomba msamaha. Ukipokea chupa ukanywa, yameisha, na ukiyafufua baadaye utaonekana wewe ndiye mkorofi.

"Apana, Maitre," nilimwambia wakili. "Hakuna mutu alikunywa."

Nilikuwa na uhakika. Tajiri mmoja wa Mutanga Sud alinigonga na gari lake kule Mutakura, mbele ya kibanda changu cha vitenge, na tangu nitoke hospitali sikuwahi kuuona hata uso wake. Madaktari walisema damu ilivujia kwenye ubongo. Nimerudi nikiwa hai, lakini jina la sufuria linanipotea sufuria ikiwa mkononi, na kelele za soko zinanitapisha. Biashara imekufa. Kwa yule wakili nilitaka kitu kimoja tu: mwenye gari asimame mbele ya jaji, akiri kwamba ni yeye, na anilipie matibabu.

Mama alikaa kulia kwangu, kaka yangu mkubwa kushoto. Niliwaleta wanisaidie kueleza pale maneno yatakaponikimbia. Tangu baba afariki, kaka ndiye msemaji wa nyumba yetu. Basi msemaji akakohoa.

"Walikuja kwetu," akasema, akimtazama wakili. "Ye alikuwa angali mu hospitali. Walikuja na wazee, na bia. Mi ningefanya nini? Nifukuze watu wazima ku mulango? Nilikunywa."

Hapo ndipo lile lori lake liliponijia akilini. Kaka alikaa bila kazi muda mrefu, halafu mimi nikiwa bado na bandeji kichwani akapata lori la kubebea mchele wa Buterere. Sikuuliza ni la nani. Nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele za watu, mjinga mimi.

"Ile lori ni ya nani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kola ya shati lake jipya. Mama akaanza kukunja ncha ya kitenge chake.

Wakili alishusha pumzi. Alisema sheria haifutwi na bia, lakini jaji naye ni mtu wa hapa hapa, na wale wazee watakuja kuapa kwamba tulipatana. Hata hivyo aliyeumia ni mimi. "Kama we mwenyewe haukukunywa," aliniambia, "na haukukubali, nitasimama na hiyo."

Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Kisha kaka akaegemea meza na kusema kwa ile sauti ya upole ambayo watu hutumia wanapomzungumzia mgonjwa aliye hapo hapo.

"Maitre, umuhurumie dada yangu. Kichwa yake haiko muzuri, anasahau. Ile siku ya Mungu, kiisha misa, mi nilimupelekea chupa mu hospitali. Alikunywa yeye mwenyewe, akasema amesamehe. Leo hakumbuki."

Jamani! Ugonjwa wangu mwenyewe kaugeuza shahidi wake. Nilitamani kumrarua lile shati jipya. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kwa kitambo kidogo nilijiuliza kama anasema kweli. Mtu anayesahau sufuria atashindwaje kusahau msamaha?

Lakini kuna jambo mama mwenyewe alinisimulia mara nyingi, huku akilia. Kule hospitali, karibu mpaka siku ya kutoka, sikuweza kumeza hata mate. Nililishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na aliyekuwa akimimina uji kwenye mpira huo ni yeye.

"Nilikuwa simezi kitu!" nikapiga kelele. "Maitre, uliza mama. Ningekunywa na nini?"

Wakili akamgeukia. "Mama, ni we ulikuwa unamuuguza. Alikunywa?"

Mama alimtazama kaka. Alimtazama sana, mwanawe mwenye lori, mwenye watoto wanaokula kwa lori hilo. Mimi hakunitupia jicho.

"Alikunywa," akasema. "Kidogo tu."

Wakili aliweka kalamu mezani. Kwa adabu sana alituambia turudi tutakapokuwa tumeelewana nyumbani, nami nikajua hatutarudi.

Kaka alitangulia kuondoka, eti kazi inamsubiri. Nje magari yalikuwa mengi. Tangu nigongwe siwezi kuvuka barabara peke yangu, miguu inakataa katakata. Mama akaninyooshea mkono kama anavyofanya kila siku. Wakati ule nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia yule tajiri, na nikamwambia hivyo hivyo, wapita njia wakisikia. Hakuurudisha mkono. Basi la nyumbani lilikuwa ng'ambo, na hakukuwa na mtu mwingine wa kunivusha, kwa hiyo nikaushika.